Utii kwa Mungu Haumwondolei Mtu Dhamana

Imeenea dhana kwamba anayemtii Mungu bila masharti huwa ameutua mzigo wa kuamua, kwa kuwa dhamana ya tendo humwangukia aliyeamuru, na wanaoishikilia humtaja Ibrahimu, aliyempeleka mwanawe Isaka mlimani Moria kumtoa kafara kwa amri ya Mungu, kuwa kielelezo cha mja asiyehoji. Baadhi yao humwita shahidi Søren Kierkegaard wa Denmark, mtangulizi wa udhanaishi, yaani falsafa inayoanza na mtu binafsi anayelazimika kuchagua namna ya kuishi. Dhana hiyo ni potofu, tena ni ya hatari.

Katika Hofu na Kutetemeka, kitabu alichokitoa mwaka 1843 kwa jina la kubuni la Johannes de silentio, Kierkegaard anamtenga Ibrahimu na shujaa wa tanzia. Shujaa wa namna hiyo ni mfalme Agamemnon, aliyemtoa binti yake kafara ili merikebu za Wagiriki zipate upepo, na taifa zima, lililoielewa sababu yake, lililia pamoja naye. Ibrahimu hana faraja hiyo, kwani maadili, yaani sheria inayowafunga watu wote, yanamhesabu kuwa mwuaji, wala hawezi kumweleza mkewe Sara au Isaka neno likaeleweka, maana amri imemjia yeye peke yake. Je, maadili yaweza kusitishwa kwa ajili ya lengo lililo juu yake? Kitabu hakilijibu swali hilo kwa wepesi, na msimulizi wake anakiri kwamba anamstaajabia Ibrahimu bila kumwelewa.

Jean-Paul Sartre, ambaye hakuamini kwamba Mungu yupo, aliukazia upweke huo wa mtu aliyepokea amri katika mhadhara wake wa Paris mwaka 1945, akisema kwamba hata sauti ikisikika, ni msikilizaji anayeamua kuwa ni ya malaika. Hoja hiyo haikwepeki. Anayejitetea kwamba aliamriwa amekwisha kuamua ni nani aliyesema na alimaanisha nini, na maamuzi hayo hakuna wa kumbebea.

Kwa hiyo kiongozi wa dini anayedai atiiwe kama Ibrahimu alivyomtii Mungu amejipachika mahali pasipo pake, kwa sababu kwa Kierkegaard mwenye imani ya Ibrahimu aweza kuwa shahidi tu, kamwe si mwalimu wa mwingine. Adolph Peter Adler, mchungaji wa kisiwa cha Bornholm, alipotangaza kwamba amepokea ufunuo wa Kristo, Kierkegaard hakuusifu utii wake, bali aliandika kitabu kizima kumhoji kama alielewa dai hilo linamtwika nini.