Mayai Mawili Katika Mnada wa Sadaka

Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya mnada wa sadaka, ule ufanyikao nje ya kanisa baada ya ibada. Washarika wa Kilutheri wa Kilimanjaro na Arusha waujua sana. Lakini kwa kuwa wako wasomaji ambao kwao desturi hii haipo, na tueleze kwanza jinsi ilivyo.

Siku ya Jumapili mtu asiye na fedha haji kanisani mikono mitupu. Huleta alichonacho nyumbani: mkungu wa ndizi, mahindi, maharagwe, chupa ya maziwa, kuku aliyefungwa miguu, au mayai katika kikapu kidogo. Vitu hivi huwekwa mbele pamoja na fedha, vikaombewa. Ibada ikiisha, watu husimama uani, na mzee mmoja mwenye sauti na ucheshi hufanywa dalali. Huinua kitu, hutaja bei ya kuanzia, na watu hupandishiana. Aliyeshinda hulipa, mhazini huandika, na fedha huingia katika mfuko wa usharika. Mara nyingine mnunuzi hakichukui kitu chake. Hukirudisha kinadiwe tena, au humpa mgeni, au humpelekea mgonjwa. Ndivyo yai moja liwezavyo kununuliwa mara tatu au nne, na kuleta fedha kupita bei ya kuku aliyelitaga.

Mtu asidhani kwamba kutoa mazao ni jambo la kuchekesha tu. Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame mwaka 1893, fedha ilikuwa ngeni katika nyumba nyingi. Mali ya watu ilikuwa shambani na zizini. Vita ilipokuja mwaka 1914, msaada wa ng'ambo ulikatika, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Walimu wenyeji walibaki na makanisa, na shule, na kazi ya kuzika na kufariji. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wakazuiliwa tena, na mzigo ukarudi mabegani mwa wenyeji. Mwalimu aliyekosa mshahara atakula nini, isipokuwa ndizi na maharagwe ya watu wake? Hata makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri, yaliungana juu ya msingi uliokuwa umebebwa kichwani na akina mama katika vikapu.

Basi twausifu mnada. Una wema mwingi. Humpa mtoto mdogo nafasi ya kutoa parachichi lake na kusikia likitajwa. Humwezesha mkulima kutoa katika miezi ambayo mfuko wake ni mtupu na shamba lake limejaa. Tena huwakawiza watu uani, wakasalimiana na kuulizana habari, mahali pa kukimbilia kila mtu kwake kama waliotoka sokoni. Hayo yote ni mema, nasi hatupendi yaondoke.

Lakini kitu chema kikishikwa vibaya huumiza. Katika usharika mmoja tulioalikwa kuhubiri, mnada ulianza kwa shangwe. Mkungu wa ndizi wa mtu mwenye duka ulishindaniwa na watu watatu, na kila bei ilipopanda watu walipiga vigelegele. Kisha dalali akainua kikapu chenye mayai mawili. Akakitazama, akasema, "Jamani, na kuku huyu naye alikuwa kwenye mfungo?" Watu wakacheka sana. Mayai yakanunuliwa upesi, kwa bei ndogo, ili mnada uendelee na mambo makubwa. Karibu na ukuta alisimama bibi mmoja mjane. Tulimwona akivuta kanga yake mpaka usoni.

Mzee wa kanisa alitueleza baadaye kwamba bibi yule ana kuku mmoja tu, na kwamba mayai yale angaliyauza dukani ili apate chumvi na mafuta ya taa. Jumapili zilizofuata hakuonekana kanisani. Mwinjilisti alipomwendea na kumwamkia, akamwuliza kama ni mgonjwa, alijibu, "Marahaba, mwanangu. Mimi si mgonjwa. Nikipata kitu cha kufaa kuonyeshwa watu, nitakuja."

Na tulipime neno hilo. Mama huyu hakumwacha Mungu, wala hakugombana na mtu. Alijifunza jambo moja tu uani pale, nalo ni kwamba nyumba ya Mungu ina kiingilio, naye hana cha kulipa. Ni nani aliyemfundisha? Si mchungaji katika mahubiri, wala si mwalimu katika mafundisho ya kipaimara. Alifundishwa na kicheko. Na dalali yule hakuwa mtu mbaya. Alipoambiwa alihuzunika sana, maana ulimi wake ulitangulia moyo wake. Ndiyo sababu twasema jambo hili lahitaji uangalizi: laweza kufanywa na watu wema, mchana, mbele ya kanisa, wala asiwepo mmoja aliyekusudia ubaya.

Tukitazama Maandiko twaona jinsi Mungu alivyolitangulia jambo hili. Katika kitabu cha Walawi, mlango wa 5, mtu aliyekosa aliagizwa kuleta kondoo au mbuzi. Ikiwa mali yake haikutosha, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na ikiwa hao nao hawezi kuwapata, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, yaani kama lita 2 hivi. Angalieni sana: sadaka zilikuwa za daraja tatu, lakini msamaha ulikuwa mmoja. Kuhani hakuagizwa kumpa mwenye unga theluthi ya msamaha. Nao Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, Luka atuambia kwamba walifuata agizo la ndege wawili, ambalo katika torati ni ruhusa ya mtu asiyeweza kupata mwana-kondoo. Bwana wetu mwenyewe, basi, aliingia hekaluni kwa sadaka ya maskini.

Tena twajua habari ya mjane katika Marko, mlango wa 12. Wayahudi wameandika katika mapokeo yao kwamba hekaluni palikuwa na masanduku 13 yenye midomo kama baragumu, ambamo watu walitia fedha zao. Vile visarafu viwili vya mjane, kwa hesabu ya Warumi, vilikuwa sehemu moja tu katika 64 ya ujira wa kibarua wa siku moja. Ni kidogo kuliko bei ya mayai mawili. Bwana Yesu alikuwa ameketi akitazama, naye hakucheka. Aliwaita wanafunzi wake, akawaonyesha ya kwamba huyo ametoa kuliko wote. Mahali ambapo watu waona kikapu kidogo, Yeye aliona kilichobaki nyumbani baada ya kikapu kutoka.

Na kinachotokea uani hutokea hata ndani ya kanisa, kwa namna nyingine. Leo sharika nyingi zina bahasha zenye namba, na kadi za ahadi, na majedwali ya majina. Siku hizi hata simu hupeleka sadaka. Vyote ni vyombo vya utaratibu, na utaratibu si dhambi. Lakini yako mahali ambapo majina husomwa kwa sauti mbele ya watu: fulani ametimiza, fulani bado, fulani hajaanza. Mtu aliyefukuzwa kazi, au aliyeuza mbuzi wake ili kumtibu mtoto, hukaa pale akingojea jina lake kama mshtakiwa angojeaye hukumu. Na liko jambo lililo zito kuliko hilo: pengine mtu afapo, kabla watu hawajauliza habari za wafiwa, hufunguliwa daftari la michango, na maziko yake husumbuliwa kwa sababu ya deni. Twasema wazi: asiyekuja ibadani na aonywe angali hai, kwa upendo, nyumbani kwake, lakini umaskini usihukumiwe kaburini. Wafiwa wanaolia hawastahili kuulizwa risiti.

Twajua mhazini atatujibu. Atasema, "Mchungaji, maneno yako ni mazuri, lakini mabati hayanunuliwi kwa maneno. Mwinjilisti ana watoto, umeme una ankara, na watu wasipohimizwa hawatoi." Naam, neno lake ni la kweli, wala hatutaki kulipuuza. Usharika usiotoa hufa, na mtu mwenye nguvu anayemwachia mjane mzigo wa kanisa ametenda dhambi. Lakini kuhimiza ni kitu kimoja, na kuaibisha ni kingine. Mtu aliyehimizwa hutoa leo na mwakani. Mtu aliyeaibishwa hutoa mara moja kwa hofu, kisha hutafuta njia ya kupita mbali na kanisa. Hata kwa hesabu ya fedha tu, aibu ni biashara ya hasara.

Basi twawashauri ndugu zetu mambo machache. Wazee wa kanisa, mchagueni dalali kama mnavyomchagua mwalimu, si kwa sauti tu bali kwa moyo. Acheni acheshe watu kwa habari ya mnunuzi, maana mnunuzi ana nguvu. Asicheshe kwa habari ya mtoaji wala ya kitu kidogo. Vitu vidogo vichanganyeni: mayai mawili ya huyu, matatu ya yule, na limau la mtoto, viwe kapu moja linadiwe pamoja, wala mtu asijue ni la nani. Wahazini, waandikieni watu hesabu zao kwa siri, na aliyerudi nyuma atembelewe; huenda mkimtembelea mkaona kwamba ni ninyi mnaopaswa kumpelekea kitu. Na mfuko wa huduma ya wahitaji usiwe wa mwisho kukumbukwa, paa likiisha, na gari likiisha, na vyombo vya kwaya vikiisha.

Walimu, katika darasa la Jumapili wafundisheni watoto kuipokea sadaka ya mwenzao kwa mikono miwili. Mtoto akileta hindi moja, lishikeni kama mshikavyo debe zima. Watoto hujifunza zaidi kwa mikono yetu kuliko kwa maneno yetu.

Nanyi baba na mama wa nyumba za Kikristo, mkirudi kutoka ibadani msihesabu mezani nani alitoa nini. Mtoto akisikia kwamba fulani alileta vitu vya ovyo, siku moja atakapokuwa maskini yeye mwenyewe ataogopa kuja. Afadhali mwulizane: leo ni nani aliyekuwa akikaa kiti kile cha nyuma, ambaye hatukumwona? Tena mmoja wenu aondoke, kabla jua halijatua, aende akapige hodi.

Mungu azibariki nyumba zenu na mashamba yenu, na kila kikapu kitokacho humo.