Kufuli Iwekwe Mlango Unapojengwa

Mtu apitaye Kinyerezi huiona mitambo ya umeme iendeshwayo kwa gesi itokayo Mtwara na Songo Songo, huona na lango lenye walinzi. Ndivyo ipasavyo. Lakini mitambo ya siku hizi ina mlango mwingine ambao mlinzi wa langoni hauoni, nao ni mtandao wa kompyuta ziiendeshazo.

Hatuleti hadithi za kutishana. Tarehe 23 Desemba, 2015, huko Ukraine, wadukuzi waliyashika makampuni matatu ya umeme. Walikuwa wamekwisha ingia miezi mingi kabla, kwa barua pepe za hila walizowapelekea wafanyakazi. Siku hiyo watu wa zamu waliona mshale wa kompyuta ukitembea wenyewe, ukizima swichi moja baada ya nyingine. Wateja wapatao 225,000 walikaa gizani kwa muda wa saa moja hadi sita. Umeme ulirudi kwa kuwa mafundi waliweza kwenda vituoni na kuwasha kwa mkono. Afrika nayo imeonja: Julai 2019 kirusi kilizifunga kompyuta za kampuni ya umeme ya jiji la Johannesburg, wateja wakashindwa kununua umeme wa kulipia kabla. Mfanyakazi anunuaye LUKU jioni atokapo kazini ajua maana ya jambo hilo.

Twasema waziwazi kwamba ulinzi huu si wa kumwachia fundi wa kompyuta aitwe baadaye. Ni kazi ya meneja wa mradi tangu siku ya zabuni. Kinyerezi ya Kwanza, megawati 150, ilijengwa na kampuni ya Norway. Ya Pili, megawati 240, iliyozinduliwa mwaka 2018, na kampuni ya Japani. Hatuoni aibu katika hilo, wala hatusemi kuna kasoro pale. Twaitazama mikataba ijayo. Mjenzi mgeni huja na programu zake, nywila zake, na mara nyingi njia ya kuutazama mtambo akiwa kwao. Kama mkataba haukutaja njia hiyo itafunguliwa na nani na kufungwa lini, kifungu cha kuongezwa baada ya saini kitalipiwa upya. Na fedha zikipelea, fungu la kwanza kukatwa ni lile lisiloonekana kwa macho. (Saruji ina bahati: huonekana.) Likitokea la kutokea, atakayelaumiwa ni kijana wa zamu ya usiku, ambaye mkataba ulipotiwa saini hakuwapo.

Kwa hiyo, kabla utepe haujakatwa, meneja aonyeshe kwamba nywila zote za mjenzi zimebadilishwa, kwamba kila njia ya mbali imefungwa au ina mwenyewe ajulikanaye, na kwamba watu wa zamu wamekwisha fanya zoezi la kuendesha kwa mkono. Asipoonyesha, TANESCO wasiupokee mtambo huo, hata kama wageni wa heshima wamekwisha keti.