Dawa za kupunguza unene zisifichwe kwa daktari wa saratani

MGONJWA wa saratani anapofika kliniki kupata tibakemikali, hupandishwa kwanza kwenye mizani. Wengi hudhani hiyo ni desturi tu ya wauguzi. Kumbe kiwango cha dawa nyingi za tibakemikali hukokotolewa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na uzito unaoshuka bila sababu ni miongoni mwa dalili za ugonjwa kusonga mbele.

Ndiyo maana sindano za kupunguza unene, zilizoenea kwa kasi tangu Marekani ilipoidhinisha Wegovy mwaka 2021, si suala la urembo pekee. Anayezitumia kwa siri humfanya daktari asome mizani kimakosa.

Si kwamba mgonjwa hana hoja. Wanawake wengi wanaotibiwa saratani ya matiti hunenepa kutokana na steroidi, uchovu na kukoma hedhi mapema. Kuwaambia washukuru tu kuwa wako hai ni jibu jepesi mno.

Hata hivyo, sindano hizo hupunguza hamu ya kula, hukawiza chakula tumboni na huweza kuleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha, yale yale yanayoletwa na tibakemikali. Kwa anayepewa sisplatini, dawa inayojulikana kwa kudhuru figo, kupungukiwa maji mwilini si jambo dogo. Misuli nayo hupungua pamoja na mafuta. Na anayesubiri upasuaji lazima amweleze mtaalamu wa nusukaputi, kwani chakula kilichobaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, au ambaye ndugu yake wa damu aliiugua, ameonywa asizitumie kabisa.

Vidonge navyo vina yake. Vile vinavyochanganya naltreksoni na bupropioni, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Naltreksoni huzuia morfini isifanye kazi, hivyo mwenye maumivu makali atabaki nayo. Bupropioni hudhoofisha kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuipa tamoksifeni nguvu yake. Kilo zinaweza kupungua, lakini kinga dhidi ya saratani kurudi ikapungua pia.

Kuna pia bidhaa bandia. Juni 2024, Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic za kughushi zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa zilipenya huko, mnunuzi wa mitandaoni aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anajiamini kwa lipi?

Lawama zisimwangukie mgonjwa peke yake. Swali la dawa nyingine anazotumia huulizwa harakaharaka, naye hujibu hakuna, kwa kuwa sindano ya unene haihesabu kuwa dawa. Heri aulizwe kwa jina, na afike na boksi lenyewe. Huenda akaambiwa asubiri hadi tibakemikali iishe, au aanze kwa dozi ndogo chini ya uangalizi wa daktari wake na mtaalamu wa lishe.