Ukimtaja Muuaji, Umeiua Gemu

Kuna staa mmoja wa kucheza gemu mtandaoni, jina tunamhifadhia, ana katabia kabaya: akimaliza gemu ya upelelezi ya Kichina, sura ya muuaji anaibandika kwenye picha ya video!

Jamani, mechi hata ukijua matokeo, goli bado litakusisimua. Gemu hizi hazina kubonyeza mateke. Unasoma, unahoji watu, unaunganisha ushahidi, basi. Ukishatajiwa muuaji, unabaki na nini?

Na utamu wote uko kwenye ule ulimwengu wa kung fu. Kule kila kundi lina mapigo yake, kwa hiyo jeraha kwenye maiti ni kama saini. Wote wanakimbilia kisasi, mpelelezi ndiye anauliza: saini ikiwa imeghushiwa je? Ndiyo maana Gu Long, mwandishi aliyefariki 1985, alimfanya Lu Xiaofeng mpiganaji na mpelelezi pia. Ngumi bila akili inaua asiye na kosa.

Mashabiki wake wanasema, "Si usiangalie?" Niangalie mara ngapi, wakati picha inanifuata nikifungua simu tu? Waliotengeneza wanauza fumbo, yeye analigawa bure apate watazamaji.

Rekodi, kula hela yako. Muuaji muache humo humo ndani.

Mdau, wewe unasemaje?