Kampala si sherehe tu: changeni doo ya mwelekezi, muende Kasubi

Wasee, leo nataka tubishane kidogo.

Mbogi za Nairobi zinapenda Kampala. Mnapanda basi la usiku, mnavuka Busia macho mekundu, mnakula rolex, mnazunguka na boda, mnapiga sherehe mpaka asubuhi. Safi kabisa, sina ubaya. Lakini nikiuliza nani alipanda kilima cha Kasubi, kimya. Na Kasubi iko kilomita kama tano tu kutoka katikati ya jiji!

Msimamo wangu: ukienda Kampala, toa siku moja nzima kwa Kasubi na Mengo. Na usiende kienyeji. Changeni na marafiki, mlipe mwelekezi awe wenu peke yenu siku hiyo.

Najua utasema, "Kwa nini nilipe mtu anionyeshe nyumba ya nyasi?" Sikiza. Hiyo nyumba inaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga 1882 kama ikulu yake. Alipofariki 1884, akazikwa humo humo. Wafalme wengine watatu wakamfuata: Mwanga, Daudi Chwa na Edward Muteesa. Ukiingia peke yako utaona pazia la kitambaa cha magome ya mti, mikeka na picha za wazee. Dakika tano, selfi, umetoka. Hutajua kwamba nyuma ya pazia ni "msitu", kwa sababu Kabaka hasemwi amekufa. Anasemwa ameingia msituni. Hutajua kwamba zile pete 52 juu kwenye dari ni koo 52 za Buganda. Ukuta hautakuambia. Mtu ndiye atakuambia.

Na hapa ndipo stori inakuwa nzito. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, nyumba hiyo iliungua. Yote. Kesho yake rais alipofika, kukatokea vurugu na watu wakauawa kwa risasi. Mahali palipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 pakawa majivu, pakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Pametolewa kwenye orodha hiyo 2023.

Sasa jiulize: walijengaje tena kitu kilichoungua? Hakuna fundi wa kuagiza kutoka nje anayejua hiyo kazi. Kuna ukoo wa Ngeye, ambao kuezeka paa hilo ndiyo jukumu lao tangu jadi. Ujuzi ulikuwa kichwani na mikononi mwa watu. Kama wazee hao wangekuwa wameenda bila kufundisha vijana, Kasubi ingebaki picha kwenye simu. Kwa hivyo ukimlipa mwelekezi anayeijua stori, na kijana mwingine akaona kumbe hii inaleta mkate, atakaa chini ajifunze kwa wazee. Hiyo pesa si ya kupotea.

Kuna wale mtasema makaburi ni mambo ya giza, kanisani wamekataza. Sawa, heshimu imani yako. Hakuna anayekulazimisha kuabudu. Unavua viatu, dada anajifunga leso, mnakaa kwenye mkeka, mnasikiza. Hata matanga ya shosho tunafanya hivyo.

Wengine mtasema, "Hiyo ni historia ya Waganda, inanihusu nini?" Lugha unayosoma hapa ilifika ikulu ya Buganda kabla reli haijafika Nairobi. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wakifika huko tangu miaka ya 1840, na Muteesa mwenyewe alijua Kiswahili. Wewe unaona aibu kukiongea ofisini, na mfalme alikitumia barazani kwake.

Lakini usiende kusifu tu. Uliza maswali magumu. Mwanga aliua vijana wa ikulu yake waliokuwa wamebadili dini, na huyo huyo akapigana na Waingereza, wakamkamata 1899, wakampeleka Seychelles. Alifariki huko 1903, mwili ukarudishwa nyumbani 1910. Huyo ni shujaa ama ni nani? Halafu fika Mengo, uone ikulu ambayo jeshi la Obote liliivamia 1966, likiongozwa na Idi Amin. Edward Muteesa akakimbia, akafia London 1969. Na nani alimrudisha nyumbani kuzikwa 1971? Amin huyo huyo, sasa akiwa rais. Mwelekezi mzuri hatakuficha haya. Akikuficha, mbane na maswali.

Kuhusu chapaa: ulizeni bei mapema, kubalianeni kabla ya kuanza kutembea, na mgawane. Mkiwa wanne au watano, hesabu ya kila mtu inapungua vizuri. Kuna meza za klabu mlizolipia bila kuuliza hata bei, na asubuhi hamkukumbuka kitu.

Simu pia, jamani. Kabla ya kurekodi, omba ruhusa. Wale akina mama unaowakuta pale wanatunza makaburi kwa niaba ya wake za wafalme. Pale ni nyumbani kwao, na kuna mtu amelala. Mimi natengeneza kontenti, najua ile njaa ya kupata video kali. Ukiambiwa hapana, weka simu mfukoni.

Na kama Kampala ni mbali, anzia Mumias. Wafalme wa Wanga wana makaburi yao huko, na Nabongo Mumia alifariki 1949 tu, wakati babu zetu wengine walikuwa vijana. Ni wangapi hapa mmewahi kufika? Semeni ukweli hapo chini kwenye maoni, na mseme mnaenda lini.