Kitabu chetu: maiti penye mzimu

Wamama, Jumanne tulifika nusu ya Mzimu wa Watu wa Kale, na tuligombana mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kwa wale ambao hawakuwepo: kitabu ni cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na kilitoka mwaka 1960, mwaka ule ule wa uhuru wetu. Hadithi hiyo ilikuwa imekwisha kupata zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya 1957-58. Mwandishi alikuwa mkaguzi wa afya, kisha mhariri wa magazeti. Sisi tuna nakala moja tu, basi mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanamenya karanga. Kiswahili chake ni cha kisiwani na maneno mengine yanatushinda, lakini si lugha ya wageni. Kingwana chetu kilifika Maniema na misafara ya Zanzibar, enzi za Tippu Tip. Wamama wazee wa Kasongo wanamwelewa Abdulla haraka kuliko wasichana waliosoma kwa Kifaransa, na wanajivunia hilo kupita kiasi.

Kisa ni hiki. Mtu mwenye mali ameuawa, na maiti yake imekutwa penye mzimu, mahali wanapopaogopa watu wa pale. Anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum. Msa si polisi. Anaangalia, anauliza, anavuta kiko, anauliza tena. Hakubali kwamba mzimu unashika kisu.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Mama mmoja alisema kitabu kinawadharau wakubwa waliotutangulia, na kwamba mahali kama pale hapachezewi, iwe Zanzibar au hapa. Mwingine akamjibu: muuaji naye anajua kwamba watu wanaogopa, ndiyo sababu akaiacha maiti pale pale. Sisi wengi tulikuwa upande wa huyu wa pili, lakini yule wa kwanza hakuteremsha sauti.

Kisha mama mzee mmoja wa Alunguli akaweka karanga chini. Alisema mdogo wake alikufa baada ya siku 3 za homa. Usiku wa kwanza wa matanga, kabla ya kuzika, watu walikuwa wamekwisha kumpata mwenye kosa: binti wa marehemu, mtoto wa miaka 9, juu ya kwamba alikuwa anakojoa kitandani na kusema peke yake usiku. Hakuna aliyeuliza marehemu alikunywa dawa gani, aliinunua wapi, wala juu ya nini alipelekwa hospitali siku ya tatu na si ya kwanza. Mtoto akafungiwa ndani bila chakula. Mama mzee alimchukua alfajiri, wakavuka Lualaba kwa mtumbwi. Mpaka leo anakaa kwake.

Tulinyamaza kidogo. Kitabu kilibaki wazi juu ya meza.

Mwenzetu mmoja anayejua mambo ya sheria alitueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Na sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160 inasema kwamba anayemsingizia mtoto uchawi mbele ya watu, kwa nia mbaya, anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3. Hata akiwa mchungaji. Hata akiwa baba mkubwa.

Lakini mama wa pembeni akauliza: nani kati yetu ataenda parke kumshitaki shemeji yake, wakati nyumba anayolala ni ya familia ya bwana? Hakuna aliyepata jibu la kumtosheleza, na sisi hatutajifanya kwamba lilipatikana. Msa hana mashemeji katika kitabu, kazi yake ni nyepesi.

Tulilopatana ni dogo. Kifo cha ghafla kikiingia katika familia ya mmoja wetu, wawili kati yetu wataenda matangani tangu usiku wa kwanza, watapika kama wengine, na watalala chumba kimoja na watoto. Na mtu akianza kutafuta mchawi, watauliza kwa heshima habari za dawa na hospitali, mbele ya wote. Hata yule mama aliyetetea mzimu aliandika jina lake, la kwanza kabisa.

Jumanne ijayo tunaendelea, saa ile ile. Wamama wa Mikelenge wameomba nakala baada yetu, kwa hiyo tusipake kurasa mafuta ya karanga. Na mama yule aliyekwisha kusoma mwisho kwa siri, tunamjua, afunge mdomo wake.