Tuanze na Uwanja Mfupi

Kuna wenzetu wanataka chuo kikijenga uwanja wa gofu ya visahani, uwe wa vikapu 18, tena virefu kama vya mashindano. Mimi nasema tuanze na vikapu 9, kila kimoja mita 50 au 60 tu kutoka pa kurushia.

Mchezo wenyewe hauna makuu: unarusha kisahani mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu, aliousanifu Ed Headrick mwaka 1975 pale Oak Grove, California, ulikuwa ndani ya bustani ya umma, si klabu ya wenye nazo.

Sisi tunaosomea ualimu tunajua: mtoto wa darasa la kwanza humpi insha, unampa irabu. Mpeleke mgeni kwenye kikapu cha mita 150, atarusha mpaka achoke, kisahani kipotelee vichakani, na kesho humwoni. Kwenye uwanja mfupi ataingiza kwa mirusho mitatu minne, na keshokutwa atakuja na rafiki. Tena mzunguko mzima unaisha kati ya kipindi na kipindi.

Wakali nao wasinune. Kulenga kwa karibu ndiko kunakookoa mirusho. Uwanja mrefu utakuja, ila kwanza tupate wachezaji.